Nafasi ya Mlangoni

Msabaha wa Tanga alikuwa mwembamba, hata mvua ya Guangzhou ilikuwa ikimkosa. Lakini ulimi wake, ulimi ule! Siku moja pale mtaa wa Sanyuanli alimtukana dereva wa lori kwa Kiswahili kitupu, na Mchina wa watu, asiyejua hata "jambo", alitokwa na machozi, akarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu. Anayebisha aende akaulize. Miaka sita alifanya kazi ya kupakia makontena katika ghala moja la mtaa ule, na katika miaka sita hakubakiza mtu wa kumwamkia. Ukimkaribisha chai, atakuuliza umetia nini ndani. Ukimwazima kisu, atakirudisha akisema ni butu kama mwenyewe.

Aliyemvumilia alikuwa mmoja tu. Chacha.

Chacha ni mtu wa Tarime, pande la mtu, na kazi yake ghalani ilikuwa kukalia. Usicheke, ilikuwa kazi. Mablanketi ya Kichina yamejaa hewa kuliko pamba, na robota moja likiachwa lilivyo linakula kontena zima. Basi Chacha alipanda juu, akakaa, robota likatoa pumzi zake zote za duniani, na Msabaha akalikaza mikanda ya plastiki kabla halijapata akili ya kufura tena. Mmoja anakalia, mmoja anafunga. Robota lililokaliwa na Chacha asubuhi, adhuhuri ungeweza kulipitisha chini ya mlango kama barua.

Na kukalia kule hakukuwa kwa bure. Ghala lile lilikuwa na desturi yake: mizigo ya wateja ikishaingia yote, uwazi unaobaki nyuma ya mlango wa kontena ni wa wapakiaji. Wenyewe waliuita nafasi ya mlangoni. Kwa nafasi hiyo watu walipeleka kwao cherehani, baiskeli, hata kiti cha kinyozi, bila kumpigia mtu magoti. Ukipakia vizuri, nafasi inakuwa pana. Ukipakia ovyo, utapeleka kijiko.

Chacha na Msabaha walikuwa na mashine ya kukamua alizeti. Waliinunua baada ya kujinyima miaka mitatu, ikakaa pembeni mwa ghala ndani ya sanduku la mbao refu kama mbuzi aliyesimama. Miezi minane ilingoja nafasi ya kuitosha. Dada yake Chacha ameolewa Mkalama, huko Singida, na ana ekari sita za alizeti. Huko ndiko wangekwenda kuishi hao wawili, wasiambiwe tena na mtu inueni, shusheni. Kila mchana waliegemea lile sanduku wakila wali wao, wakagombana. Chacha alitaka wateja wangojee kivulini. Msabaha alitaka wasimame juani wajifunze adabu. Chacha alitaka kufuga mbwa.

"Mbwa wa nini? Mimi sitoshi?" Msabaha aliuliza.

"Wewe unang'ata, ndugu yangu, lakini hubweki kwanza."

Kulikuwa na mpakiaji wa tatu, Rahim wa Unguja, mtu wa kitambi na tabasamu, anayejua mpaka jina la mama wa kila mfanyabiashara aliyewahi kushuka uwanja wa ndege wa Baiyun. Alijuana na wote, lakini jioni alikula peke yake, maana kujuana na watu elfu si kuwa na mtu. Siku nyingi alisogea karibu na lile sanduku na sahani yake.

"Nami nitieni humo, jamani. Nitabeba hata mashudu."

"Mashudu ni chakula cha ng'ombe," Msabaha alimjibu. "Wewe hujafika hata huko. Sogea, unatuletea joto."

Chacha aliinamisha kichwa. Hakupenda.

Basi Jumatatu moja Mbarak, msimamizi wa ghala, mtu wa Mombasa mwenye uso kama mlango wa benki siku ya sikukuu, akawakusanya. "Mwezi ujao nafasi ya mlangoni hakuna. Kila pembe ya kontena itakuwa na mwenyewe. La Alhamisi ndilo la mwisho. Anayetaka kulia aende akalie nje."

Na viza ya Chacha ilikuwa inakwisha wiki hiyo hiyo. Ndege yake ilikuwa Alhamisi alasiri. Wakapiga hesabu: kontena lifike asubuhi, wapakie, mashine iingie, Chacha aende uwanjani moyo mweupe. Msabaha angemfuata mwisho wa mwaka.

Kontena lilifika saa sita mchana. Marobota arobaini yalikuwa yangali yamefura, na Chacha alikuwa ameshika begi lake.

"Mwite Rahim akalie," alisema. "Uzito anao."

"Nitajua la kufanya."

"Msabaha. Mwite Rahim." Akampiga bega, bega likalia kwaa, akaondoka kukimbilia treni ya chini ya ardhi.

Rahim hakungoja kuitwa. Alikuja akasimama mbele ya marobota, akajipangusa mikono. "Nitayakalia mpaka yaombe radhi. Sitaki kitu. Useme tu neno moja hapa mbele ya watu: Rahim ni wa tatu wetu."

Watu walikuwa wengi. Dereva, wapakiaji wa ghala la pili, na Mbarak amefumbata mikono akitabasamu, jambo ambalo hakulifanya ila mtu akiumia. Msabaha alimtazama Rahim, akawatazama na wao. Neno lilimfika kooni. Lilikuwa neno dogo, hata mtoto angelisema.

"Heri nife nalo hili sanduku mgongoni," alisema, "kuliko kula sahani moja na kibwengo."

Wakacheka. Rahim hakucheka. Alikwenda akageuza ndoo, akaketi juu yake, akaanza kumenya chungwa polepole.

Msabaha akapanda robota la kwanza. Likamrusha. Akapanda tena, akaruka ruka kama jogoo juu ya bati la moto, na robota likamrusha hadi akagusa paa la ghala, na aliposhuka alikuwa na utandabui kichwani. Akakalia na kufunga mwenyewe, mkono huku, mguu kule, mikanda ikamkata viganja. Marobota yakaingia yamefura kama maandazi. Hakuna aliyenyanyua kidole, na kwa nini wanyanyue? Kila mmoja pale alikuwa na tusi lake alilotunza. Robota la mwisho lilipoingia, mlangoni zilibaki shibiri mbili.

Alilisukuma lile sanduku kwa kifua. Likagonga, likakataa. Akasukuma tena.

"Meiyou," Mbarak alisema, neno wanalokwambia wenye maduka wa Kichina wakati hawana kitu chako na hawataki uulize mara ya pili. Akafunga milango, akapiga lakiri. Lori likaondoka kwenda bandari ya Nansha.

Simu ikalia. Chacha, uwanjani, sauti za matangazo nyuma yake.

"Imeingia?"

Msabaha, aliyekuwa na jawabu la kila mtu, alijifuta damu ya viganja kwenye suruali.

"Imeingia, nauliza?"

"Haikuingia. Rahim alitaka kukalia. Nikamkataa."



"Mpe Rahim simu."

Rahim akaichukua kwa vidole vyenye maji ya chungwa. Akasikiliza, akaitikia "naam, kaka", "naam", akatembea nayo mpaka kwenye sanduku na kulizunguka, akichungulia kati ya mbao. Kisha akarudi.

"Amesema mimi nifungue mashine. Bolti kwa bolti. Nimehesabu kwa macho, ni vipande kama arobaini na moja. Kila anayesafiri apewe kimoja kwenye sanduku lake la nguo."

"Vizuri. Wewe unajuana na watu. Waombe."

"Amesema wewe ndiye utaomba. Kwa mdomo wako. Ule ule."

Kesho yake Msabaha alipanda ngazi za jengo moja la vyumba vya kupanga, gia ya chuma ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Aliyekuwa anasafiri kwanza ni Domina, mwanamke wa Bukoba aliyewapikia watu wa mtaa mzima, na ambaye Msabaha aliwahi kumwambia kwamba sukuma wiki yake ingefaa kuezekea. Akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa kiasi cha pua.

"Dada Domina, shikamoo."

"Leo nimekuwa dada? Na shikamoo juu? Nani amekufa?"

"Naomba unibebee hiki."

"Sema tena, masikio yangu yana mvuke."

Akasema tena. Domina akafungua mlango mzima, makusudi, ili waliokuwa ndani wakila wamwone. Akaipokea ile gia, akaipima mkononi, akamwacha asimame vile mpaka mtu wa mwisho amalize kumtazama.

"Namfanyia Chacha," alisema. "Wewe nikikukuta unazama, nitakuuliza maji yana chumvi?"

Mlango ukafungwa. Msabaha akafungua kinywa, na neno lilikuwepo, kali, tayari, limenolewa. Akalimeza. Lilishuka kama mwiba wa samaki. Kisha akaenda mlango wa pili, akapiga hodi.