Seli Haina Adabu

Nimesomesha mgawanyiko wa seli kwa miaka mingi, na kila mwaka naanza na neno lile lile: seli haina pupa. Kabla haijajigawa, kwanza hunakili kromosomu zake zote, yaani zile nyuzi zinazobeba maagizo ya uhai. Kisha huzipanga katikati, nakala moja huvutwa huku na ya pili kule, na mwisho seli hujibana kiunoni zikawa mbili, kila moja na maagizo kamili. Hakuna inayoondoka na kichwa ikamwachia mwenzake miguu. Wanafunzi huandika, hupiga miayo, na wengi hufaulu. Aliyefeli ni mwalimu wao.

Nilifelia mtaani Malindi, katika nyumba ya marehemu bibi, siku ya kuigawa. Warithi walikuwa wawili tu, mjomba na mama yangu. Mafungu yanajulikana kisheria, na hakuna aliyenung'unika. Kilichobaki ni kuchora mpaka, na kazi hiyo nikapewa mimi, msomi wa ukoo. Nikavimba kichwa. Nikashika futikamba na chaki, nikapima hadi inchi ya mwisho, huku mjomba akinisifu mbele ya sinia la halua.

Mjomba alichagua sehemu yote ya chini, upande wa nyuma. Mama alitaka kitu kimoja tu: chumba cha juu alichozaliwa, afie humo humo. Akapewa, pamoja na ngazi na mlango wa mbele. Nilipofika ukumbini na chaki yangu nikaona kwamba choo, ambacho ni kimoja nyumba nzima, kinabaki nyuma, kwa mjomba. Niliona vizuri sana. Lakini kwetu mtu hatamki choo mbele ya wakubwa, tena halua iko mdomoni. Nikamtazama mama, naye akatazama mkeka.

“Kuna jengine?” mjomba akauliza.

“Hakuna, mjomba. Kheri tupu.”

Mficha uchi hazai, na sisi tuliuficha kwa futikamba. Ukuta wa matofali ukapanda kwa siku mbili. Mama, na magoti yake mabovu, akaanza kwenda kumsabahi jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mara sita kwa siku. Jirani naye ana adabu zake: mama yangu kila akitoka uani, hukuta ametengewa chai. Chai ile ndiyo iliyokuwa ikimrudisha.

Siku moja baada ya laasiri nilimkuta mjomba barazani na wageni wake, wanakunywa kahawa. Nikaamkia. Dirisha la juu likafunguka.

“Wewe mwalimu!”

“Naam, mama.”

“Hebu nambie. Hizo seli zako zikishagawana, choo kinabaki kwa nani?”

Mtaa mzima ulisikia. Kahawa ilimmwagikia mjomba kwenye kanzu, na wageni wakaanza kuzungumzia mvua. Nilimkasirikia mjomba, nikajikasirikia zaidi mimi. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya halua. Mama alisubiri pale dirishani, na mimi, mbele ya wakubwa, nikanyamaza mara ya pili.

Akafunga dirisha. Wiki ile ile akahamia kwangu Mbweni, na chumba alichozaliwa kina kufuli. Asubuhi akinisikia najitayarisha kwa somo, huinuka akaenda chooni, na mlango huubamiza makusudi, nisikie.