Fimbo Kando ya Hori

Nilitoka Bungoma juu ya lori la mahindi, nikashuka Kitengela siku ya pili na vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na haraka ya kufika popote. Nilipanga chumba na jamaa aliyeacha seminari. Wengine waliongea mpira. Yeye aliongea Wagiriki wa kale.

"Kwao furaha si kucheka," alisema akisonga ugali. "Ni kuishi vizuri, maisha yako yote. Na bila haki huwezi."

"Hata haki ikikufukuzisha kazi?"

"Hapo ndipo walipobishana sana."

Baadaye nilipata kazi karibu na Kajiado, kuendesha mashine ya kisima. Wafugaji wa pale walikuwa na desturi yao: ukifika, unalaza fimbo kando ya hori la kunyweshea, nayo inakushikia zamu ukienda kuleta mifugo.

Mchana mmoja wa ukame, dizeli ilibaki ya kujaza hori mara moja tu. Nyingine ingekuja kesho yake. Fimbo ya kwanza ilikuwa ya mama mjane aliyeenda bondeni kuleta mbuzi wake, na hao ndio mali yake yote. Mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyeniajiri, akafika na ng'ombe ambao wangelamba hori likauke.

"Kijana, sogeza hiyo fimbo."

"Mzee, mwenyewe anakuja."

"Kwani nani anaona? Tuko wawili tu."

Hilo ndilo swali jamaa yangu alilolipenda kuliko yote: asipoonekana na yeyote, mtu atatenda haki kwa nini? Niliiangalia tu ile fimbo, iliyong'aa pale mama anapoishika, nikashindwa kuigusa.

"Basi kesho lete ufunguo wa mashine," akasema mwenyekiti.

Mama akatokea na mbuzi wake. "Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai. "Iko," akaitikia, akaokota fimbo yake. Hakujua lolote. Mbuzi walikunywa mpaka matumbo yakatuna.

Nilirudi Kitengela. Nilipomsimulia, jamaa yangu alicheka hadi akakaa chini. "Sasa Mgiriki, uko na furaha?"

"Niko na njaa."

Lakini usiku huo nililala fofofo.

Siku niliyoondoka kabisa, lori nililopanda la kwenda Namanga lilipita karibu na kile kisima. Mwendeshaji mpya alikuwa akienda kwenye mashine, akizivuka zile fimbo kwa kuinua miguu juu asiguse hata moja, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Nikaanza kupiga mluzi.