Jele Ndani ya Shimo la Papa

Harufu ya kwato za ng'ombe zikichemka pamoja na maganda ya limau ndiyo harufu ya Jumamosi za utoto wangu. Wengine huikumbuka Goma kwa vumbi jeusi la lava au kwa wekundu wa volkano ya Nyiragongo angani. Mimi naikumbuka kwa sufuria ya bibi yetu mzaa mama, tuliyemwita Koko, iliyokaa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, tangu asubuhi hadi nguo zetu zote zinuke kama ngozi mbichi iliyonyeshewa. Alasiri Koko aliuchuja mchuzi ule kwa kitambaa cheupe, akaengua mafuta, akatia sukari na maji ya tunda la marakuja, kisha akaumimina katika vikombe vya bati. Jumapili tukirudi misani, kitu kilichokuwa kwato kilikuwa kimegeuka jele, ya manjano, ang'avu, ikitetemeka kila mtu alipogusa meza. Niliipenda na niliiogopa. Nilijiuliza kwa nini itetemeke ilhali imekufa.

Koko aliijua jele tangu usichana wake, alipokuwa akimenya viazi katika jiko la masista wa misheni. Wao waliipika kwa kwato na mifupa, kama walivyofundishwa na mama zao huko Ulaya. Baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma kwamba hapo kale jele ilikuwa chakula cha majumba ya mabwana, kwa kuwa maskini hakuwa na siku nzima ya kushinda juu ya sufuria wala watumishi wa kuchuja na kuchuja tena. Ndipo watu wakajifunza kuikausha iwe unga, na unga ukatiwa katika vipakiti, na vipakiti vikafika hata madukani kwetu. Koko hakuvipenda. Alisema jele ya unga haina subira ndani yake.

Shida ilikuwa baridi. Jele haigandi bila baridi, na hatukuwa na frigo, yaani jokofu. Lakini kiwanja chetu, upande wa magharibi mwa mji, kilikuwa na bonde dogo katikati ya mawe ya lava, na ndani yake ufa mpana uliotoa ubaridi hata adhuhuri. Humo ndimo Koko alimolaza vikombe vyake. Ila hakuteremka hata mara moja kabla ya kushusha mshumaa. Aliuweka katika kopo lililofungwa waya, akauteremsha polepole hadi chini, akangoja. Ukiendelea kuwaka, aliteremka. Ukizimika, alirudi ndani na jele ikasubiri jua na upepo. Wenyeji wote wa upande ule wanajua sababu. Ardhi yetu hutoa hewa mbaya tunayoiita mazuku, isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayozima moto na pumzi. Hulala mashimoni kama maji, hasa alfajiri kukiwa shwari, hadi upepo uifukuze. Mbuzi huingia kutafuta majani wasitoke. Watoto pia.

Papa, baba yetu, hakuwa mwenyeji. Alitoka Rutshuru, nchi ya mashamba, ambako shimo ni shimo tu. Msimu ninaousimulia, vita vilikuwa vikishuka kwa barabara ile ile iliyomleta yeye mjini. Kwanza tulisikia habari za Rumangabo, kisha tukaanza kuona watu wa Kanyaruchinya wakipita na magodoro vichwani, kuku wakining'inia kwenye baiskeli, watoto waliokwisha kuacha kulia. Usiku mizinga ilinguruma kaskazini, nami nililala nikihesabu kuta zetu, zote za mbao. Kila jibu nililolipata lilizaa swali jingine. Risasi hupita mbao mbili? Na kitanda je? Na mtu akilala nyuma ya mtu? Nadhani Papa naye alikuwa akijiuliza hayo hayo, maana siku moja alichukua sururu akaenda kwenye bonde la Koko, akaupanua ufa, akapanga mawe pembeni na kuezeka mabati juu yake. Alilifanya shimo hilo liwe abri, mahali pa kujificha sote mabomu yakija.

Mkwe na mama mkwe hawagombani. Walitaniana tu, kwa adabu iliyokuwa na miiba.

"Mama, hii si frigo tena," Papa alisema. "Iko abri ya famili."

"Bombe yako itakuya lini?" Koko akamjibu akipanga vikombe vyake. "Jele yangu iko nakuya kila dimanche, nyuma ya misa."

"Na siku itakuya, tutakalia wapi? Juu ya vikombe?"

"Siku ile nitavitosha, niviweke inje. Lakini bujia kwanza, mukwe wangu. Bila bujia, mutu hapana ingia."

Bujia ndiyo mshumaa. Papa alicheka, akamwambia Mama kando kwamba mzee ameanzisha hadithi ya kulinda frigo yake. Nilimsikia. Tangu hapo nikawa na hofu mbili, moja ya juu na moja ya chini, na sikujua ipi niikimbie kwanza.

Walisema wahenga, kimya kingi kina mshindo mkuu. Asubuhi ya Jumapili moja kulikuwa kimya, bila upepo, ukungu umelala juu ya mawe. Kisha bomu likaanguka karibu, si kaskazini tena, na bati la nyumba likaruka na kurudi. Papa alimkumbatia mdogo wangu Amani, akanishika mkono, akatukimbiza bondeni. Mama alifuata na blanketi. Tulipofika tulimkuta Koko amekwisha kupiga magoti kwenye mdomo wa shimo, kopo lake mkononi.

"Mama, toka pale, watoto waingie," Papa alisema.

"Nitatosha vikombe kwanza."

"Acha vikombe!"

Koko aliwasha kiberiti. Aliushusha mshumaa. Niliuona moto ukipita jiwe la kwanza, ukipita la pili, kisha ukafa, bila moshi wa kutosha hata kuonekana. Akauvuta, akauwasha, akaushusha tena. Ukafa pale pale.

"Ni upepo unazima," Papa alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Upepo gani, mutoto wangu? Angalia majani."

Tuliyatazama sote. Hakuna jani lililotikisika. Bomu jingine likaanguka, na Papa akasimama hapo, Amani kifuani, kati ya mbingu iliyokuwa ikipasuka na shimo alilolichimba kwa mikono yake. Nilihisi vidole vyake vikiniuma kwenye kiwiko. Nilidhani atatusukuma ndani. Badala yake aligeuka, akatupandisha hadi kwenye ukuta wa mawe wa kiwanja, tukalala chini yake juu ya lava kavu, yeye akalala juu yetu. Tulikaa hivyo hadi milio ikahamia mbali na jua likawaka.

Mchana, upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma, Koko alishusha mshumaa tena na ukabaki ukiwaka. Aliteremka akatoka na jele, na kwa mkono mwingine kuku wetu mweupe, amekufa. Kuku alikuwa amekimbilia shimoni kwa hofu ya milio. Hakuwa na jeraha hata moja. Papa alimchukua, akampapasa mabawa yote akitafuta damu, kisha akaketi juu ya jiwe.

Mama alisema jele ile imwagwe. "Kwa nini?" Koko akasema. "Jele hapana pumua." Alimpa Papa kikombe cha kwanza. Kilitetemeka mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza nilijua sababu.

Leo Koko amelala makaburini, nami nina diploma na muda mwingi mno wa kuwaza. Frigo tunayo, umeme ukiwepo, na jele yetu hutoka kwenye kipakiti, huganda papo hapo, haina subira. Vita vimerudi kwa barabara ile ile. Juzi familia iliyokimbia ilianza kupiga hema lake bondeni petu, mahali pasipo na upepo, watoto wao wakiwa wamekwisha kulala. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuwaambia bila kuwatisha. Papa alitoka nyuma yangu, nywele zake sasa nyeupe, na kopo lenye waya mkononi.

"Papa, hiyo ni nini?" mama wa watoto akauliza.

"Iko kitu ya mama mukwe wangu," alisema, akapiga magoti. "Amusha watoto kwanza."