Kituo Kilichokalia Kochi la Bi Zaina

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyosimama kwenye baraza la fundi cherehani mjini Korogwe nikatangaza kwamba nitafungua kituo cha televisheni. Walicheka mpaka cherehani ikasimama. Mzee Shekiondo, aliyekuwa amekuja kukaziwa vifungo vya koti lake la harusi, alisema televisheni ni mambo ya Dar es Salaam, na mimi hata antena ya marehemu baba yangu ilinishinda, nikaing'oa pamoja na bati. Ni kweli niliing'oa. Lakini wakati huo sikuwa na stashahada ya utangazaji. Sasa nilikuwa nayo, na mpaka leo iko ukutani, ukipita nitakuonyesha.

Kamera niliinunua kwa jasho langu la Dar, waya nikausambaza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Kilichokosekana ni vitu vya kuweka mbele ya kamera. Nikaazima. Bi Zaina, mjane aliyekata mkonge ujana wake wote, alinipa kochi lake jekundu. Mwalimu wa madrasa akatoa meza, kwaya ikatoa pazia, shangazi yangu wa Hale akaleta maua ya plastiki. Hata Mzee Shekiondo alinipa lile koti, akisema angalau kitu kimoja pale kiwe na heshima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Za kwangu zilisitiri kituo kizima. Hakuna aliyetaka malipo. Walitaka vitu vyao vionekane, basi.

Na vilionekana. Kila jioni mgeni alikaa kwenye kochi: muuza machungwa wa Segera, bibi harusi aliyeteremka kutoka Lutindi, bwana mifugo wa Handeni. Huyu wa mwisho alipandisha buti kwenye kochi tukiwa hewani. Kabla hajamaliza kueleza habari za kupe, Bi Zaina alikwishaingia studio na kanga, akamwinua mguu, akatandika, akatoka. Tangu siku hiyo mji mzima ulitaka kuunganishiwa waya.

Mimi nikadhani ni kwa sababu ya sauti yangu. Sauti ninayo, sikatai. Nikabadili kituo kiwe cha Kidar. Kochi nikalisukumia koridoni, nikavaa tai mbele ya picha ya maghorofa, nikasoma habari za foleni za magari kwa watu ambao foleni yao ni ng'ombe wakivuka barabara. Wakazima. Nikaweka filamu za kutafsiriwa; wakasema hizo wanaziona kwenye kibanda cha video. Nikaweka muziki kutwa. Wakasema redio wanazo. Nyumba moja baada ya nyingine ikaniita nikakate waya.

Asubuhi moja Bi Zaina akaja na mkokoteni. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nimefuata kochi langu."

Nikamsihi, nikamwambia bila kochi kituo kitakufa.

"Mwezi wa pili huu halijaonekana. Nilikupa ukalishe watu wetu, wewe umelilaza koridoni. Hao wa Dar kwao hawana makochi?"

Nilikaa juu ya ndoo, msomi mzima. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa mwenye tai.

Nikamwomba jambo moja tu: nilirudishe mimi, na kamera. Tulipolifikisha sebuleni kwake akalikalia, akasimulia alivyolinunua kwa ujira wa mkonge, akalileta kutoka Tanga juu ya lori la mahindi, yeye mwenyewe amelikalia njia nzima, mpaka askari wa Segera akampigia saluti. Jioni nikarusha hewani. Kesho yake mwalimu wa madrasa alinisubiri mlangoni, akitaka kujua meza yake inarudi lini. Mpaka leo kituo chetu kinawafuata watu majumbani, na Handeni wanatuita kila wiki.

Wa mwisho kurudishiwa chake alikuwa Mzee Shekiondo. Nilimkuta kwa fundi, baraza lile lile. Nikamnyooshea koti, akaficha mikono nyuma.

"Washa kwanza hiyo mashine."

Nikawasha. Akavaa, akafunga vifungo vyote, akaiambia kamera kwamba tangu siku ya kwanza aliwaambia watu kijana huyu ataweza. Fundi alisimamisha cherehani, akanitazama. Sikumkatiza mzee. Siku hiyo sikudaiwa hata ua la plastiki.

Basi, mwanangu, ukirudi kwenu na elimu yako, kabla ya kuwaonyesha watu wako dunia, waonyeshe wao wenyewe. Cha mtu ukikiazima, kitumie kama alivyotaka mwenyewe, kisha kirudishe kwa mikono yako, mchana, watu wakiona. Na anayekucheka leo mwachie nafasi ya kukusifu kesho, hata kama anaongopa. Mungu akujalie watu wa kukuazima, na akufikishe siku ya kurudisha.