Daftari Langu Lina Wageni Tu

Admin, jina langu libaki kwako. Mtaa nao usiutaje, sema Korogwe mjini, inatosha.

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, mzaliwa wa Handeni niliyeolewa huku. Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa balozi wa nyumba kumi na sijawahi kuitwa polisi. Wiki hii silali vizuri. Nikisikia pikipiki inasimama nje, nazima taa mpaka iondoke.

Nyuma ya mtaa wetu, palipokuwa kambi ya zamani ya vibarua wa mkonge, kampuni moja imejenga nyumba za kupangisha za bei nafuu. Serikali iliisamehe kodi kwa sharti kwamba nusu ya nyumba wapewe watu wa kipato kidogo waliokuwa wakiishi mtaani kabla ya ujenzi kuanza. Tulielezwa hivyo kwenye mkutano, tukapiga makofi. Uthibitisho ulikuwa sahihi ya balozi. Fomu iliuliza mambo mawili: jina la mwombaji limo kwenye daftari la balozi? Tangu lini?

Hapo ndipo nilipokosea. Daftari hili, tangu nilipokabidhiwa, huandikwa wageni tu. Mtu akipokea ndugu kutoka Tanga au Arusha, anamleta kwangu, tunasalimiana, naandika jina lake na la mwenyeji wake. Tarehe siandiki, maana kumwandikia mgeni tarehe mbele yake ni kama kumuuliza anaondoka lini. Wenyeji hatuwaandiki. Ya nini? Tunajuana, tumezikiana.

Habari za nyumba ziliposambaa, wageni waliongezeka. Watu wenye kazi zao nzuri walilala kwa mashemeji siku mbili tatu, wakaandikwa, wiki iliyofuata wakarudi na fomu. Nilitazama daftari, jina nikaliona, nikasaini na kugonga muhuri. Pale pa "tangu lini" niliacha wazi. Wenyeji walipopeleka fomu zao, ofisi ya mradi iliwarudisha karibu wote, majina yao hayamo; walipata wachache tu walioingia mtaani kama wageni nikawaandika. Nilidhani nyumba ni nyingi na zamu ya waliorudishwa itafika. Haikufika.

Leo mtaa siujui. Magari yanalala mbele ya nyumba zile, watoto wananipita bila shikamoo, na wenye viwanja wameona eneo limepanda thamani, wanauza. Kati ya nyumba zangu kumi, wenyeji wamebaki kwenye tatu.

Jumatano bwana wa ofisi ya mradi alikuja kwangu na nakala za fomu nilizosaini. Pale nilipoacha wazi pamejazwa: miaka sita, miaka tisa, miaka kumi na moja. Mwandiko si wangu. Alisema Jumatatu wanakuja wakaguzi kuangalia kama lile sharti la msamaha wa kodi lilitimizwa, na watataka kuliona daftari.

"Mama, jazia tarehe zifanane na hizi," akaniambia. "Watakuuliza wewe, siyo mimi. Sahihi ni yako."

Nilimuuliza je, nikikataa? Akacheka kidogo, akasema asingependa kuona mama wa umri wangu anapandishwa karandinga la polisi.

Jana akaja Bibi Mwajuma. Amepita sabini. Aliletwa mtaani hapa kama bibi harusi kutoka Kerenge, na nilipoolewa mimi, yeye ndiye aliyenipokea. Amepanga vyumba viwili. Mwenye nyumba ameuza, na mwisho wa mwezi anatakiwa awe ametoka. Kerenge hana mtu tena. Alitaka kujua kwa nini fomu yake ilirudi.

Nilimweleza yote, nikisubiri anilaani. Aliomba maji, akanywa taratibu.

"Kumbe ndiyo hivyo. Hukuniandika kwa sababu hukuniona mgeni."

"Ndiyo, bibi."

"Basi mwanangu, niandike mgeni. Niandike sasa hivi nikuone."

Nilifungua daftari, kisha nikaiweka kalamu chini. Nikimwandika bila tarehe, haimsaidii. Nikiweka tarehe ya uongo, kana kwamba nilimwandika zamani, nitakuwa nimefanya kile kile anachotaka yule bwana, na wakaguzi wakiona wino mpya wanaweza kumhoji hata yeye. Bibi alikaa mpaka adhana ya adhuhuri, akajifunga mtandio wake, akatoka.

Nikisema ukweli, naogopa kufungwa, kwa sababu muhuri ni wangu. Naogopa pia kampuni ikitozwa kodi itapandisha pango, na wenyeji wachache waliobahatika kupata watatoka. Nikijaza tarehe, wakaguzi wataondoka wameridhika, na Bibi Mwajuma atatafutiwa wapi pa kulala?

Ndugu zangu, leo ni Jumamosi. Kama kuna mwanasheria humu, au balozi mwenzangu aliyepitia haya, naomba anijibu kabla ya keshokutwa asubuhi. Nilipeleke daftari lilivyo na niseme mwenyewe kosa langu? Na nikishasema, nani atasimama na mimi? Matusi nitayasoma baadaye. Kwanza nishaurini.