Mlima Mmoja, Kabureta Mbili

Dereva wa kibasi cha shule, ambaye madereva wenzake walimbatiza Mwendopole, alikuwa na hofu tangu Alhamisi. Siku hiyo, watoto wakiwa wamejaa nyuma, alijaribu kulipita lori lililokuwa likijikongoja mlimani. Hajalimaliza, lori jingine likachomoza kwenye kona likiteremka. Alijichomeka mbele ya lile la kwanza kwa nafasi ya kiganja. Watoto wakashangilia. Yeye jioni alimsimulia fundi wake yaliyotokea.

"Kama si kabureta yangu, shemeji, tungekuwa tumeshakuzika," alisema fundi, kaka wa mkewe, na hakuwa akitania.

Wiki iliyotangulia fundi alikuwa amemfungia kabureta nyingine, ya kuipa injini mafuta na hewa zaidi, na chujio la hewa la wazi. Kibasi kile kikongwe kilianza kunguruma utadhani kimerudi ujanani, na Mwendopole, mtu aliyezeekea nyuma ya malori bila kinyongo, naye akaanza kupita watu. Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli. Sasa swali moja lilimnyima usingizi: aliokolewa na injini, au na bahati tu? Mkewe alimficha habari ya Alhamisi. Alimwambia tu kwamba angependa kujua kama gari limeongezeka nguvu kweli.

Mkewe alifanya kazi maabara ya hospitali. "Kwetu chupa za damu zina namba, hazina majina," alisema. "Ukishajua ni ya nani, unaanza kuona unachotaka. Na hili gari tutalipima hivyo hivyo."

Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, walipakia mifuko ya mchanga mahali pa watoto. Fundi angefunga kabureta na chujio, vipya au vya zamani, kama dada yake atakavyomnong'oneza. Dereva angekaa mbali, amewapa mgongo. Kisha angepanda kwa gia ileile, mguu chini kabisa, kutoka kalavati, kile kidaraja cha chini ya mlima, hadi kibao cha juu, mkewe pembeni akipima kwa simu.

"Na hii utie masikioni," mkewe akampa pamba.

"Niendeshe kiziwi? Mama watoto, unaniua!"

"Ukisikia mngurumo utajua ni ipi. Tia."

Akatia. Lo! Bila ule mngurumo alibaki na mapigo ya moyo wake tu. Kila alipoikaribia ile kona, alijisogeza ukingoni mwa barabara. Alikuwa na hakika lori linakuja na hatalisikia. Halikuja. Walipanda, wakashuka, fundi akabadilisha, wakapanda tena, mpaka mikono ya fundi ikababuka kwa joto la injini.

"Hii ndiyo mpya!" Mwendopole alisema safari moja. "Nimeisikia mgongoni inavyonisukuma."

"Ni ya zamani," mkewe alijibu.

Saa haikuona tofauti. Mara mpya ilitangulia kidogo, mara ya zamani. Fundi akadai simu ni mbovu. Wakarudia kwa saa yake mwenyewe ya mkononi. Yaleyale. Akabaki anafuta mikono kwa tambara.

Kilichoongezeka ni kelele. Mwendopole akakaa juu ya kalavati, akaogopa kuliko alivyoogopa Alhamisi yenyewe.

"Mbona umejiinamia?" mkewe aliuliza. "Si gari tu?"

Akamweleza yote, lori la mbele, lori la kwenye kona, kile kiganja. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwanetu alikuwemo?"

"Alikaa mbele, karibu nami."

Mkewe akaiweka simu chini na kuziba mdomo kwa mikono miwili. Hakumkaripia, na afadhali angemkaripia.

Jumatatu, mlimani palepale, lori la saruji lilikuwa mbele likitambaa na moshi wake. Watoto wakaanza kuimba nyuma, "Lipite! Lipite!" Mwanawe, kiti cha mbele, akamtazama.

"Baba, mbona leo hulipiti?"

Mwendopole akaitazama ile kona.

"Naogopa, mwanangu," alisema, akapunguza mwendo zaidi.