Wimbi Lililokataa Kuondoka

Idarani kwao bandarini walimwita Bi Mawimbi, na mwanzoni lilikuwa jina la kebehi. Mwanamke mzima, walisema, analipwa kuchezea bahari ya kwenye kompyuta. Mwenyewe alicheka, akawaacha waseme mpaka wachoke.

Kisha kompyuta ikasema kwamba dhoruba kubwa ikija, mawimbi ya mita tatu yatavuka ukuta wa pwani, kwa hiyo nyumba zote za mtaa wa chini zivunjwe. Nyumba ya kona mtaani humo ni ya baba yake, seremala mstaafu, aliyeipigilia paa kwa mikono yake. Bi Mawimbi akasema hesabu hiyo haimwingii akilini, mita tatu ni nyingi mno. Haya, midomo ikafunguka: mwamba ngoma huvutia kwake. Hata mhandisi mkuu, anayempenda kama mdogo wake, alimshauri ajiweke kando. Iliuma, tena sana, lakini hakujiweka.

Akafanya jambo ambalo mgeni wa kazi hii halifikirii: akafuta pwani kwenye kompyuta. Ukuta, nyumba, kila kitu, akabakiza bahari tupu, akarusha mawimbi kutoka upande mmoja. Pasipo na kitu cha kugonga, wimbi lipite liende zake, na urefu uwe mmoja kote. Wapi! Skrini ilijaa michirizi, hapa juu, pale chini, hapa juu tena. Wimbi lilikuwa likifika ukingoni mwa ramani, linageuka, linakutana na lijalo, yanapandana. Akausogeza ukingo mbali zaidi, na michirizi nayo ikahama. Hapo akajua kamnasa mwizi: ni ukingo wenyewe. Bahari ya kompyuta lazima iishie mahali, ndiyo maana ukingoni hutandikwa ukanda wa kumeza mawimbi yasirudi. Wa kwao, jamani, ulinakiliwa kutoka kazi ya ziwani! Vijiwimbi vya ziwa uliviweza. Mawimbi marefu ya bahari kuu yaliukaba koo, ukayatema.

Akaupanua ukanda, bahari tupu ikatulia, akairudisha pwani. Mita tatu zikawa moja na nusu, chini ya kimo cha ukuta. Mtaa ulikuwa salama, isipokuwa mahali pamoja: pale kwenye kona, ukuta wa kweli wa mawe ulirudisha mawimbi ya kweli, yakapandana, yakavuka mbele ya nyumba ya baba yake. Akarudia hesabu, akabadilisha upepo, nyumba ikazidi kulowa. Alijifungia chooni akalia, kisha akanawa uso.

Kikaoni alianza na hilo la kona, kabla hajaulizwa. Mhandisi mkuu akavua miwani, akamwomba radhi mbele ya wote.

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akamweleza bila kuzungusha maneno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye boriti za paa.

"Na majirani?" akauliza.

"Wanabaki, baba. Ni hapa tu."

"Una hakika na hesabu yako?"

"Nina hakika."

Mzee akavaa viatu, akatoka kwenda mlango kwa mlango kuwaambia watu hawahami. La nyumba yake hakuligusa, ila kila mlango alitaja ni binti wa nani aliyepiga hesabu.